Kumfungia mtoto intaneti kwenye kompyuta ya nyumbani: kufuli linakaa wapi hasa?

Tangu Australia ianze kutumia ile sheria yake ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii, tarehe 10 Desemba 2025, kila nikikaa na wazazi wenzangu mada hii lazima iibuke, na kila ikiibuka naona tunaongelea vitu vinne tofauti kwa jina moja. Mmoja anasema "mie intaneti ya watoto nshafunga" akimaanisha kabadilisha paswedi ya waifai. Mwingine anasema hivyohivyo akimaanisha kuna programu kaiinstoli baada ya kuelekezwa na mwenzake kazini. Wa tatu kaiweka kompyuta sebuleni, basi. Wa nne anasubiri serikali ifanye. Tunaagana tukiamini tumeelewana, na nyumbani kwa wote wanne mtoto anapita kama kawaida.

Hiyo sheria tuimalize kwanza. Inawabana wenye mitandao, faini inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5, na haina adhabu kwa mtoto wala kwa mzazi. Inachokataza ni akaunti, ndo maana mtoto anaweza bado kufungua YouTube bila kuingia na akaunti yoyote akaangalia video. Uingereza nao, tangu 25 Julai 2025, tovuti za ponografia zinatakiwa zihakikishe umri wa anayeingia. Yote haya yanatokea upande wa pili wa waya. Kompyuta iliyo juu ya meza yako sheria hizo haziigusi, hiyo ni ya kwako, na ndo ninayotaka tuielewe hapa vizuri.

Maneno machache kwanza, halafu mengine yatakuwa mepesi.

Akaunti ya kompyuta ni ule mlango unaoingilia ukiwasha mashine, jina lako na paswedi yako, usiichanganye na akaunti ya barua pepe au ya Facebook. Brauza ni ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, iwe Chrome, Edge, Firefox au Safari. Ruta ni kile kiboksi chenye vitaa kinachogawa waifai. Halafu kuna DNS, neno linalowatisha watu bure. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba, kwa hiyo ukiandika jina la tovuti kompyuta yako inaenda kwanza kumuuliza mtu wa njia panda "huyu anakaa wapi?" na huyo mtu anarudisha namba. Huyo wa njia panda ndo DNS. Kazi yake ni kuelekeza njia tu, na anaifanya hivyo tangu 1983.

Sasa fuata safari moja. Mtoto anabonyeza linki. Kitu cha kwanza, ile akaunti aliyoingilia inamruhusu kutumia hiyo brauza au haimruhusu. Ikimruhusu, brauza inauliza DNS njia. Ikielekezwa, ombi linatoka kupitia ruta. Likitoka, linafika kwenye tovuti yenyewe, ambayo nayo ina masharti yake ndani. Vituo vinne, na kila kituo unaweza kuweka kufuli, lakini kila kufuli linaona kitu chake na kingine halikioni. Nikisikia mtu anauliza "programu gani nzuri ya kumzuia mtoto?" huwa namrudishia swali, mtoto anaingia kwenye kompyuta kwa akaunti gani?

Anza na akaunti, mengine yote yanafuata

Kwenye kompyuta kuna akaunti za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya admini, huyu ni mwenye nyumba, anaweza kuinstoli na kufuta programu, kubadilisha saa ya mashine, kubadilisha DNS, kufungua na kufunga akaunti za wengine. Ya pili ni ya kawaida, huyu ni mpangaji, anatumia chumba chake lakini hawezi kubomoa ukuta. Tatizo ni kwamba kompyuta mpya ukiiwasha mara ya kwanza, akaunti unayoitengeneza siku hiyo inakuwa ya admini, na familia nyingi zinaishia hapohapo, akaunti moja, baba, mama na watoto wote wanaingilia hiyo, na paswedi kila mtu anaijua, au hata haipo.

Ndani ya hali hiyo, programu yoyote ya kuzuia utakayoweka, hata ya kulipia, umeweka kufuli halafu ufunguo ukauacha unaning'inia palepale. Mtoto anaingia kwenye orodha ya programu, anaifuta, akimaliza anachotaka pengine anairudisha. Mtoto wa miaka kumi analiweza hilo, sio mpaka awe mtundu wa kompyuta, maelekezo yapo kwenye video fupi za wenzake.

Kwa hiyo kazi ya jioni ya kwanza ni hii, na haina gharama yoyote. Hakikisha kwanza wewe mwenyewe una akaunti ya admini yenye paswedi ambayo mtoto hajawahi kukuona ukiiandika, ingia nayo, uone inafanya kazi. Halafu ndo mtengenezee mtoto akaunti yake ya kawaida, au kama ile ya zamani ya wote ina vitu vyake, ishushe iwe ya kawaida. Usianze kushusha kabla hujajaribu ya kwako, utajifungia nje. Wakiwa watoto wawili kila mmoja apewe yake, kwa sababu wa miaka sita na wa miaka kumi na nne hawawezi kuwekewa masharti yaleyale, mkubwa ataona anaonewa na mdogo ataachiwa mno.

Hapo sasa ndo vile vifaa ambavyo tayari vimo kwenye mashine yako vinaanza kuwa na maana. Windows inakuja na huduma inaitwa Microsoft Family Safety, unamuunganisha mtoto kwenye kundi la familia, unaweka masaa ya kutumia kompyuta, unachuja tovuti, na mtoto akitaka muda wa ziada anatuma ombi, linakuja kwako unakubali au unakataa. Kuna mambo mawili watu hawaambiwi. Moja, mtoto lazima awe na akaunti ya Microsoft, ile akaunti iliyotengenezwa humohumo kwenye mashine bila barua pepe haihesabiki. Pili, kichujio cha tovuti kinafanya kazi ndani ya Edge, na ukikiwasha, brauza nyingine zinazojulikana zinazuiwa zisifunguke. Wengi wakiona Chrome imegoma wanadhani kompyuta imeharibika, wanaenda kuzima kichujio, na hapo ulinzi wote umekwisha. Haijaharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa, kwa sababu haiwezi kuchuja ndani ya brauza ya watu wengine.

Na hiyo brauza nyingine ina siri yake. Akaunti ya kawaida haiwezi kuinstoli programu kwa kompyuta nzima, sawa, lakini Chrome kwa mfano inakubali kujiweka ndani ya folda za mtumiaji mwenyewe bila paswedi ya admini. Kwa hiyo mpangaji hawezi kubomoa ukuta ila anaweza kuingiza kabati lake chumbani. Ndo maana akaunti ya kawaida peke yake haitoshi, inahitaji na Family Safety au kitu kama hicho juu yake.

Wenye Mac mna Screen Time, ipo kwenye kompyuta tangu toleo la Catalina la 2019. Humo kuna ngazi tatu za tovuti, achia zote, punguza za watu wazima, au ruhusu hizi nilizoziandika tu. Ina namba yake ya siri, na tafadhali isiwe ileile unayofungulia simu yako, mtoto ameshakuona ukiibonyeza mara elfu. Wa Chromebook mna Family Link ya Google. Wa Linux, mtoto apewe akaunti isiyo na ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi, na kufuli kubwa mliweke kwenye DNS.

Tofauti ya orodha mbili

Neno "kuchuja" lenyewe linaficha vitu viwili. Kuna orodha ya kuzuia, yaani kila kitu kinapita isipokuwa hivi vilivyotajwa, na kuna orodha ya kuruhusu, hakipiti kitu isipokuwa hivi vilivyotajwa. Ya kwanza ni kama mlinzi aliyepewa picha za wezi wanaojulikana, mwizi mpya anapita akimsalimia. Ya pili ni mlinzi mwenye orodha ya majina ya wageni, jina lako halipo, huingii, hata uwe mtu mwema namna gani.

Kwa mtoto mdogo, wa miaka mitano mpaka minane tisa hivi, mimi natumia orodha ya kuruhusu bila kusitasita. Tovuti kumi zinamtosha kabisa. Kwa mkubwa haiwezekani, mwalimu atampa kazi, atatafuta, kila linki inagoma, anakuja kukuita mara ishirini kwa saa moja, na wewe ukichoka utafungua zote. Huyo ni wa orodha ya kuzuia, ukijua kabisa kwamba mwizi mpya anaweza kupita.

Na vichujio vinakosea upande wa pili pia. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa sababu ndani ya herufi za jina la mji wao kuna tusi la Kiingereza, na mashine ilikuwa inatafuta herufi tu bila kuelewa kitu. Vichujio vya sasa vina akili zaidi, lakini binti anayesoma kuhusu saratani ya matiti au kuhusu hedhi bado anaweza kukuta ukurasa umefungwa. Akikuta hivyo asikae nao kimya, mwambie mapema kwamba ukurasa kufungwa haina maana amefanya kosa, aje aseme, unaufungua pamoja naye.

DNS: kumwelekeza mtu wa njia panda asijue baadhi ya njia

Kumbuka yule wa njia panda. Kwa kawaida anakuwa ni wa kampuni inayokuuzia intaneti na anaelekeza kila mahali. Lakini unaweza kumbadilisha ukaweka ambaye akiulizwa njia ya tovuti za ngono au tovuti zenye virusi anajibu hapajui. Wapo wa bure. Cloudflare wana DNS ya familia tangu Aprili 2020, namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS wana FamilyShield, 208.67.222.123 na 208.67.220.123. CleanBrowsing wana ya kwao, 185.228.168.168, hii ni kali zaidi, inalazimisha na matokeo ya Google yawe yale yaliyochujwa, na inazuia tovuti nyingi za VPN (njia ya kuficha unakoenda kwenye intaneti, nitaieleza mbele). Angalia namba vizuri ukiandika, 1.1.1.1 ni ya Cloudflare haohao lakini haichuji chochote, na hilo kosa nimelikuta kwenye nyumba zaidi ya moja, mtu kaweka moja badala ya tatu, miezi mingi anaamini kalindwa.

Unaziandika wapi? Ukiziandika kwenye kompyuta zinalinda kompyuta hiyo moja, na mtoto wa akaunti ya kawaida hawezi kuzibadilisha kwenye setingi za mtandao (unaona tunarudi palepale kwenye akaunti). Ukiziandika kwenye ruta zinalinda kila kitu kinachotumia waifai ya nyumba, simu, televisheni, mpaka kompyuta ya mgeni. Mimi naweka kwenye ruta na kwenye kompyuta ya mtoto, kote kuwili. Kama mtandao wako unatumia na IPv6, ile namna mpya ya namba ndefu zenye herufi, basi na yenyewe uiwekee DNS yake ya familia, la sivyo kompyuta inaweza kwenda kuuliza njia kwa mlango huo wa pili ambao umeusahau.

Udhaifu wa DNS ni mkubwa na lazima uujue. Anajua majina ya tovuti, hajui kilichomo ndani. Kwake YouTube ni jina moja, ama anaelekeza ama haelekezi, hawezi kusema "hii video sawa, hii hapana". Halafu Chrome, Edge na Firefox zina setingi ya kuuliza njia kwa siri kwa mtu mwingine kabisa, ukiichagua brauza inampita yule uliyemweka wewe, na setingi hiyo haidai ruhusa ya admini.

Ruta, na taa niliyoiona chini ya mlango

Ruta ni geti. Ina uwezo wa kusema kompyuta hii ikifika saa 3 usiku isitoke nje, na ruta nyingi zinao. Unaingia kwa kuandika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye brauza, au namba iliyoandikwa kwenye stika chini ya kiboksi. Stika hiyohiyo ndo ina jina na paswedi ya kiwandani, kwa hiyo kama hujawahi kuibadilisha basi mtoto anayejua kusoma anaweza kuingia. Ibadilishe. Na kile kitundu kidogo cha nyuma, ukikibonyeza kwa sindano sekunde kadhaa ruta inarudi kama ilivyotoka dukani, kufuli zote zinafutika. Dalili yake utaiona mwenyewe, jina la waifai linarudi lile la zamani.

Nilikuwa naiamini sana ruta. Niliweka kompyuta ya mwanangu ikatike saa 3 usiku, nikajaribu, ikakatika kweli, nikalala vizuri wiki mbili. Siku moja natoka chooni kama saa nne na nusu naona mwanga wa bluu chini ya mlango wake. Nikaingia, anaangalia video. Nikaenda kwenye ruta, kufuli lipo, limewaka. Nikarudi nikakaa pembeni yake kitandani, sikuwa na hasira, nilitaka tu kuelewa, nikasogeza kishale mpaka kile kialama cha waifai pale kona ya chini kulia ya skrini. Jina lililoandikwa halikuwa la waifai yetu, lilikuwa la simu ya mama yake. Simu yenyewe ilikuwa sebuleni inachaji, hotspoti imewashwa.

Kwa maana hiyo hakuwa amevunja geti. Alipita ukuta wa upande mwingine ambao geti haliuoni, na ruta haikuwa na namna ya kujua, kwa sababu kwake ile kompyuta ilikuwa imezimwa kama nilivyoagiza. Kikomo cha muda nikakihamishia kwenye akaunti yake ya Windows, huko ikifika saa 3 kompyuta inajifunga yenyewe hata aunganishe intaneti ya wapi. Na simu zetu zikapata paswedi mpya, za kwetu wazazi.

Kingine kuhusu ruta, inaitambua kompyuta kwa namba ya kifaa, na vifaa vya siku hizi vinaweza kujibadilisha namba hiyo kwa ajili ya faragha. iPhone zinafanya hivyo tangu iOS 14 ya 2020, Windows nayo inaruhusu. Ukiona kifaa kilichofungwa jana leo kinapita kwa jina geni, angalia hapo.

Masharti ya ndani ya tovuti

Hapa sitakaa sana. Google ina SafeSearch, iwashe, inaficha picha na matokeo ya wazi wazi. YouTube ina hali yenye vizuizi, inapunguza video za watu wazima na inaficha maoni yote chini ya video, hilo la maoni peke yake ni faida kubwa. Ila imefungwa kwenye brauza moja moja, ukiiwasha Edge haijawaka Firefox, na asipobanwa na kitu kingine mtoto anaizima kwa kubonyeza mara mbili. Ni kizuizi cha kuzuia bahati mbaya, hakimzuii aliyekusudia.

Mambo yanayosemwa ambayo sio kweli

"Mitandao inasema miaka 13, kwa hiyo akifika 13 yuko tayari." Hiyo namba haikutoka kwa wataalamu wa malezi wakipima akili ya mtoto. Ilitoka kwenye sheria ya Marekani inayoitwa COPPA, ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, inayokataza tovuti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila mzazi kukubali. Makampuni yakaona rahisi kusema wa chini ya 13 asijiunge. Ni namba ya nani anaruhusiwa kuchukua taarifa za mtoto, na wewe ndo unayemjua wako kama yuko tayari au bado.

"Anatumia hali ya faragha kwa hiyo kichujio hakimwoni." Ile hali ya faragha ya brauza, yenye rangi nyeusi, inachofanya ni kutoweka kumbukumbu kwenye kompyuta yenyewe ya wapi amepita. DNS anaulizwa kama kawaida, ruta inapitiwa kama kawaida. Kichujio cha DNS kinafanya kazi humo vilevile. Usichoweza ni kuja kesho kusoma historia ukaamini ndo hiyo yote, na kwa kweli historia tupu kwa mtoto aliyekaa masaa matatu inakwambia kitu.

"Ruta inanionyesha kila anachoangalia." Hapana. Tovuti karibu zote sasa ni za HTTPS, maana yake barua imefungwa ndani ya bahasha. Ruta inasoma anwani ya juu ya bahasha, jina la tovuti, barua ya ndani haisomi. Utaona amekuwa YouTube, hutaona video gani.

"VPN ni kitu cha wahalifu." Sio kweli, maofisi yanatumia kila siku. Ila kwa suala letu ni hivi, VPN ni gari lenye vioo vya giza, mlinzi wa geti anaona gari limetoka, ndani kuna nani na linaenda wapi hajui, wala yule wa DNS haulizwi. Ndo maana inapita karibu vizuizi vyote vya ruta na vya DNS kwa pamoja. Na siku hizi nyingine ni kidude kidogo tu kinachopachikwa kwenye brauza, hakidai admini. Hizi za bure bure mimi zinanitia hofu kuliko hata tovuti zenyewe, kwa sababu kila kinachotoka kwenye kompyuta ya mtoto kinapita kwa mtu usiyemjua anayegharamia mitambo bila kukuomba hela. Mweleze mtoto hivyohivyo, huwa wanaelewa.

"Niweke programu ya kumpeleleza bila yeye kujua, inipigie picha za skrini." Najua mzazi anafika hapo akiwa ameogopa kweli, simlaumu. Lakini fikiria programu hiyo inataka nini, inataka ruhusa ya admini, inasoma kila anachoandika ikiwemo paswedi, inapiga picha za skrini ya mtoto mdogo na kuzituma kwenye kompyuta za kampuni fulani. Ukiidanlodi kwenye kona za bure unaweza kuwa umejiletea kirusi kwa mkono wako. Na akija kuigundua, na kuna siku ataigundua, atakachojifunza ni kwamba kompyuta ya nyumbani sio sehemu salama, atahamia kwenye simu ya rafiki yake ambako wewe huna hata kufuli moja. Mimi kila nilichoweka nimemwonyesha mwanangu, hii inafanya hivi, hii inafanya hivi, na sababu ni hizi.

Kichujio hakimjui mtu

Hili ndo ambalo nataka wazazi walichukulie kwa uzito zaidi ya mengine yote niliyoandika. Vizuizi vyote vinne vinazuia tovuti na muda. Mtu havimjui. Mtoto anacheza gemu lililoruhusiwa, la umri wake, kwenye muda ulioruhusiwa, na ndani ya gemu kuna sehemu ya kuchati, na anayechati naye anasema ana miaka 11 na kumbe ni mtu mzima. DNS anaona jina la gemu, sawa. Ruta inaona jina la gemu, sawa. Hamna kufuli litakalolia. Ingia kwenye setingi za gemu lenyewe, zima chati au ibakize kwa marafiki anaowajua uso kwa uso, na umwambie ishara za kuangalia. Mtu anayemwomba picha, anayemwambia hii iwe siri yetu, anayetaka wahamie waongelee kwenye apu nyingine, anayempa zawadi za ndani ya gemu bila sababu.

Mpwa wangu, wa dada, alikaa kwetu likizo moja. Siku ya pili niliona anafunga kile kifuniko cha laptopu haraka nilipoingia, nikadhani ni utoto tu. Siku mbili hakuigusa tena, anakaa tu, akiitwa kucheza anasema kachoka. Siku ya tatu tangu pale, jioni, akaja jikoni akanishika shati, akaniuliza, "Mjomba, mtu akikutumia picha mbaya na wewe hukuomba, anakamatwa nani?" Kumbe kuna mtu alikuwa kamtumia kwenye chati. Tukakaa, tukamzuia huyo mtu, tukaripoti ndani ya gemu, kabla ya hapo nikapiga picha ya skrini ya jina la akaunti na maneno yake ili ushahidi ubaki, zile picha chafu zenyewe sikuzitunza wala kumtumia mtu, na dada yangu nikampigia usiku uleule. Nilipomuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza alijibu, "Niliogopa utachukua kompyuta."

Siku mbili zote kabeba lile jambo peke yake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo sentensi ninayowaambia watoto wa nyumbani kwangu, na nairudia kila baada ya muda, ni hii: ukiona kitu kibaya, au mtu akikusumbua, niite, na kompyuta sitakunyang'anya. Nikishaisema lazima niitimize, hata kama nitakuta alikuwa mahali ambapo hakutakiwa kuwa. Hayo mengine tutayaongea baadaye, siku nyingine.

Leo usiku wakishalala, ingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya mtoto, sio ya kwako. Jaribu kufuta programu, jaribu kubadilisha saa, jaribu kuweka brauza nyingine, jaribu kupachika kidude cha VPN, halafu washa hotspoti ya simu yako uiunganishe upitie tena. Penye kupita andika kwenye karatasi. Ikikuruhusu kufuta programu bila kukuomba paswedi, acha vyote, rudi kwenye akaunti kwanza.